Maegesho ya hospitali: alipe nani, kwa saa ngapi, na pesa ziende wapi

Mjadala wa kama hospitali iwatoze wagonjwa na wanaokuja kuwaangalia kwa kuegesha gari huendeshwa kana kwamba ni swali moja. Ni maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza: nani hasa anayekalia zile nafasi kutwa? La pili: ada ikiwekwa, inatakiwa ifanye kazi gani? La tatu: shilingi ikishapokelewa getini, inaishia mfuko gani? Anayesema "walipe" mara nyingi anaumwa na swali la kwanza. Anayesema "wasilipe" anaumwa na la pili. La tatu huachwa mpaka mkataba umeshasainiwa.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Mgonjwa asilipe, na anayemuuguza asilipe, iwe Unguja au Pemba. Lakini kuacha geti wazi bila utaratibu kunamuumiza mgonjwa yule yule tunayedai kumtetea, kwa sababu nafasi ya bure hujazwa na anayewahi mapema, na mgonjwa huwa hawahi.

Jibu pia halifanani kila mahali. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina bahari upande mmoja na Barabara ya Kaunda upande wa pili. Hakuna shamba la kuongeza. Imo ndani ya Mji Mkongwe, ulioandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hivyo wazo la kusimamisha jengo la maegesho la ghorofa nne linakufa mezani kabla ya kufika kwa mhandisi. Hospitali za Kivunge, Makunduchi au Abdulla Mzee ya Mkoani zina shida zao, lakini si hiyo ya kubanwa na mji. Kanuni ya ada itakayoandikwa kwa kuangalia Mnazi Mmoja peke yake, kisha ikapelekwa visiwa vyote viwili, itakwenda kumtoza mtu wa Mkoani kwa msongamano ambao kwao haupo.

Nafasi moja ni kubwa kuliko inavyoonekana

Gari ndogo inahitaji mstari wa mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Hapo haijapata njia ya kuingilia. Gari zikipangwa kichwa kwa ukuta pande mbili, katikati panatakiwa mita 6 ili dereva ageuze bila kugonga. Ukigawa njia hiyo kwa gari zote, pamoja na njia za kuingilia, kutokea na kugeuzia, kila gari inakula mita za mraba 25 hadi 30. Kiwanja cha mita 30 kwa 40, ambacho mtu akikitazama anaona kinaweza kubeba gari mia, kikishatolewa mtaro, miti na lango kinabeba 40 tu.

Nafasi ya mlemavu au ya mgonjwa asiyetembea iwe na upana wa mita 3.6. Upana huo ni wa mlango. Bibi aliyevunjika nyonga hateremki kwa kujipinda kwenye ufa wa nusu mita. Mlango lazima ufunguke mpaka mwisho, kiti cha magurudumu kisogezwe ubavuni mwa siti, mtu mmoja amshike kwapa na mwengine ashike miguu. Ukimpa mita 2.5, familia itamteremsha katikati ya njia, na gari zote nyuma yao zitasimama.

Vespa, pikipiki na boda ni hesabu nyengine, na kwetu ndiyo hesabu yenye faida ya haraka. Nafasi moja ya gari ikichorwa upya kwa mistari ya kukatisha inabeba pikipiki nne kwa raha, sita kwa kubanana. Hospitali ambayo vespa zake zimesimama moja moja kwenye nafasi za gari inapoteza sehemu kubwa ya uwanja kwa kukosa kopo la rangi. Kabla hajazungumza mtu yeyote kuhusu ada, hilo lifanywe kwanza.

Foleni ya dirishani ndiyo inayojaza uwanja

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo panaporukwa.

Idadi ya gari zilizomo uwanjani kwa wakati mmoja ni gari zinazoingia kwa saa, mara saa ambazo kila moja inakaa. Zikiingia 20 kwa saa na kila moja ikakaa saa mbili, unahitaji nafasi 40. Zikiingia 20 hizo hizo lakini kila moja ikakaa saa tatu, unahitaji 60. Gari hazikuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni muda.

Sasa jiulize huo muda umetoka wapi. Mgonjwa wa nje anapita dirisha la kuandikishwa, anamsubiri daktari, anapelekwa maabara, anasubiri majibu, anarudi kwa daktari, anakwenda dirisha la dawa. Katika saa tatu hizo, alizokaa na daktari huenda ni dakika kumi. Zilizobaki ni mabenchi. Ukipunguza saa moja kwenye maabara na dawa, umepata nafasi 20 za gari bila kumwaga mfuko hata mmoja wa saruji, na bila kumtoza mtu senti. Ukimtoza kwa saa bila kugusa foleni, unamlipisha mgonjwa uzembe wa dirisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa kliniki zinazomwambia kila mtu aje saa 1:30 asubuhi. Watu sitini wanafika pamoja, uwanja unafurika mpaka saa 4, kisha kuanzia saa 7 mchana unakaa mtupu. Kadi ikiandikwa saa ya kuja, kundi la kwanza saa 1:30, la pili saa 3, la tatu saa 4:30, wimbi lile linalainika. Hii ni kazi ya kalamu na nidhamu. Inaharibika pale daktari anapoanza kliniki saa 3 wakati kadi inasema 1:30. Watu wakishajifunza kwamba saa ya kadi haina maana, wote watarudi kuja alfajiri.

Kisha wafanyakazi. Hili halipendezi kusemwa, ila halikwepeki. Gari ya mfanyakazi inaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri. Saa nane. Kwa kukaa saa mbili mbili, nafasi hiyo moja ingehudumia wagonjwa wanne. Gari 15 za wafanyakazi zilizo karibu na mlango zinaondoa wagonjwa 60 kwa siku. Hakuna ubaya wowote kwa muuguzi kuwa na gari, na anayetoka zamu usiku wa manane anastahili kuegesha karibu na mlango wenye taa kuliko mtu mwengine yeyote. Wa zamu ya mchana waegeshe mbali, hata kama ni kiwanja cha umbali wa dakika kumi kwa mguu na gari ya hospitali ikiwafuata asubuhi, na wakubwa wawe wa kwanza kuhamia huko. Agizo linalowahamisha manesi na kuacha nafasi tano zenye vibao vya vyeo halidumu wiki mbili.

Ada ina kazi mbili, na zinagombana

Ada inaweza kuwekwa ili kukusanya pesa, au ili kupunguza gari. Ikifaulu kwenye moja, inashindwa kwenye nyengine. Gari zikipungua, pesa zinapungua. Ukitaka pesa zisipungue, unahitaji uwanja ujae kila siku.

Wanaotetea ada ya kupunguza gari wana hoja nzito. Donald Shoup, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia maisha yake kueleza kwamba nafasi ya bure katikati ya mji hukaliwa ovyo, na kwamba bei nzuri ni ile inayoacha kiasi cha nafasi 15 katika kila 100 zikiwa wazi, ili anayefika apate pa kuingia bila kuzunguka. Kwa soko na maduka hoja hiyo inasimama imara. Mteja wa Darajani anaweza kununua haraka, kuja jioni, au kupanda daladala. Bei inamsukuma achague.

Mgonjwa hachagui. Saa yake imeshikwa na daktari. Hawezi kuamua maabara itoe majibu lini, hawezi kumwambia mtoto anayezaliwa afanye haraka. Kwa hivyo ada ya saa inapofika hospitali inageuka kodi ya uzito wa ugonjwa: anayeumwa zaidi anakaa zaidi, anayekaa zaidi analipa zaidi.

Tuchukue mgonjwa wa figo anayesafishwa damu. Kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na ukiongeza kuunganishwa na kutolewa kwenye mashine, saa tano. Kwa mwezi inafika mara 13. Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi 1,000 kwa saa: ni 5,000 kwa siku na 65,000 kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, kwa mtu ambaye pengine ameshaacha kazi kwa sababu ya ugonjwa huo huo. Aliyekuja kung'oa jino analipa 2,000 mara moja. Hakuna kanuni ya haki inayoweza kuzaa matokeo hayo, lakini ada ya saa inayazaa kila siku bila mtu kuyakusudia.

Kwetu lipo na la ahadi. Tangu Mapinduzi ya 1964, matibabu bila malipo yamekuwa nguzo ya sera ya Zanzibar, hata kama mara kwa mara mgonjwa hujikuta ananunua dawa nje. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023, umeleta njia nyengine ya kugharamia huduma. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayomrudishia mtu pesa ya getini. Huko Kanada, mwaka 2011, daktari Rajendra Kale aliandika kwenye jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo kwamba ada ya maegesho ni malipo ya matibabu yaliyojificha kwa jina jengine. Hoja yake inatuhusu moja kwa moja: ikiwa huthubutu kumtoza mgonjwa mbele ya meza ya daktari, usimvizie langoni.

Anayekuja kumuangalia mgonjwa

Kwenye nchi nyingi tajiri "mgeni wa mgonjwa" ni mtu anayeleta maua. Kwetu ni sehemu ya wodi. Yeye ndiye anayeleta uji kwenye hotipoti, shuka safi, maji ya kunywa, ndoo. Ndiye anayemgeuza mgonjwa ubavu usiku, ndiye anayetumwa duka la dawa, ndiye anayeitwa kutoa damu. Na kwa Waislamu, ambao ndio takriban watu wote wa visiwa hivi, kumzuru mgonjwa ni haki ya mwenzako juu yako, iliyotajwa kwenye hadithi pamoja na kumjibu salamu na kusindikiza jeneza lake. Ada getini inamgusa huyu kwanza, kwa sababu anakuja mara mbili au tatu kwa siku.

Ni kweli kwamba watu ishirini kwa mgonjwa mmoja wanazidi, na wodi inageuka uwanja wa maulidi. Dawa yake ni saa za kuangalia wagonjwa na kadi mbili kwa kitanda kimoja. Ukijaribu kuwapunguza kwa ada, atabaki nyumbani mama asiye na pesa na atapita mjomba mwenye nazo, wakati mama ndiye anayehitajika wodini.

Hoja ngumu zaidi ya upande wa pili ni hii: wengi wanaofika hospitali wanakuja kwa daladala, kwa nini uwanja wa umma uwahudumie bure wenye gari? Inastahili jibu la kweli. Sehemu ya jibu ni kwamba gari inayomleta mgonjwa mara nyingi si yake. Ni ya jirani, au imekodiwa kutoka Nungwi au Makunduchi, kiasi cha kilomita 60 kila upande, na dereva akitozwa getini anaiongeza kwenye nauli. Sehemu nyengine ni kukubali kwamba hoja hiyo ni sahihi kuhusu pesa za ujenzi. Kabla ya kutandika lami ya nafasi mpya, hospitali ijenge kituo cha daladala chenye paa na viti, na njia laini ya kiti cha magurudumu kutoka kituoni mpaka mlangoni. Hapo aliyekuja na daladala naye amepata chake.

Waliotangulia

Wales ilifuta ada kwenye hospitali zake nyingi mwaka 2008, na Scotland ikafuata mwisho wa mwaka huo huo. Lakini Scotland ilikuwa na hospitali tatu, Dundee, Edinburgh na Glasgow, ambazo maegesho yake yalikuwa chini ya mikataba ya muda mrefu na kampuni binafsi. Huko wagonjwa waliendelea kulipa mpaka serikali iliponunua mikataba hiyo mwaka 2021. Miaka kumi na mbili na zaidi, nchi imefuta ada na mgonjwa wa Dundee bado anatafuta sarafu mfukoni.

England haikufuta. Ilichagua makundi: walemavu wenye kibali, wagonjwa wa nje wanaokuja mara nyingi, wazazi wanaolala na mtoto mgonjwa, na wafanyakazi wa usiku. Ontario, Kanada, ilipita katikati mwaka 2016 kwa kuzilazimisha hospitali zinazotoza zaidi ya dola 10 kwa siku ziuze pasi za siku nyingi kwa nusu bei. Ireland ya Kaskazini ilipitisha sheria ya kufuta ada mwaka 2022, kisha ikasogeza utekelezaji kutoka Mei 2024 hadi Mei 2026.

Na mkataba wa kampuni una faini zake. Huko Cardiff, Wales, kwenye hospitali iliyobaki chini ya mkataba wa namna hiyo, wafanyakazi kadhaa walishindwa kesi mwaka 2017 kwa faini za kuegesha pasipo pao, zilizokuwa zimelimbikizwa na kampuni ya maegesho. Ada ilikuwa imeondoka kwenye hospitali nyingi za nchi, lakini mwenye mkataba alibaki na kitabu cha faini.

Getini, dakika kumi na tano

Kuandika kiwango cha ada kwenye karatasi ni rahisi. Tazama kinachotokea lango likifanya kazi.

Saa ya kuangalia wagonjwa imekaribia. Gari 60 zinafika ndani ya dakika 15, yaani moja kila sekunde 15. Mlinzi anapokea pesa taslimu, anatafuta chenji ya elfu kumi, anakata risiti, ananyanyua kizuizi: sekunde 30 kwa gari, akiwa mwepesi. Dakika 15 zikiisha amepitisha gari 30. Nyengine 30 zimo barabarani, na kila moja na pengo lake inachukua mita 6. Foleni ya mita 180. Gari ya wagonjwa inayotoka shamba na mama mwenye kifafa cha mimba iko mwisho wa foleni hiyo, inapiga king'ora, na walio mbele hawana pa kupisha. Kulipia wakati wa kutoka hakutibu. Kunahamisha foleni kuja ndani.

Kwa hivyo sharti la kwanza la lango lolote, la kulipia au la bure, ni njia ya gari za wagonjwa isiyopitia kizuizi. La pili ni sehemu ya kushushia mgonjwa kwa dakika 10, mbele ya mlango, isiyoulizwa chochote. La tatu ni kwamba kuingia kusiwe na malipo kamwe. Kuingia ni kupewa kadi tu, sekunde tano.

Kadi hiyo ndiyo chombo tunachokipendekeza, na inakwenda hivi. Mlinzi anaandika namba ya gari na saa ya kuingia. Mgonjwa au muuguzaji anagongewa muhuri dirisha la kuandikishwa, kliniki au wodini. Anapotoka anarudisha kadi yenye muhuri, anapita. Isiyo na muhuri ni ya mtu aliyekuja kuegesha kwa shughuli zake za mjini, na huyo alipe, tena alipe kuliko maegesho ya barabarani, maana ikiwa hospitali ni rahisi kuliko barabara, atarudi kesho. Anayelaza mtoto au anayesafishwa damu apewe kadi ya mwezi yenye namba ya gari, asigongewe kila siku.

Yatakayoharibika yanajulikana. Kadi zitapotea. Mtu akisema amepoteza na ana karatasi ya dawa mkononi, aachiwe apite, kwa kuwa gharama ya kumwamini muongo mmoja ni ndogo kuliko ya kumzuia mfiwa. Mihuri itaazimwa, kwa hivyo rangi ya kadi ibadilike kila siku na isitangazwe. Pesa mkononi mwa mlinzi zitapungua njiani. Malipo yapitie namba ya malipo ya serikali kwa pesa za simu, na mlinzi asishike noti. Mtandao ukikatika gari iandikwe namba na iachiwe. Kizuizi cha umeme kikiwekwa karibu na bahari, upepo wa chumvi utaila mota kabla ya muda wake, na umeme ukizimika kitabaki kimelala. Bomba refu lenye uzito nyuma, linalonyanyuliwa kwa mkono mmoja, linatosha.

Pesa

Tufanye hesabu ya mfano. Wageni wa mjini 40 kwa siku, shilingi 2,000 kila mmoja, siku 26: shilingi 2,080,000 kwa mwezi. Walinzi wanne kwa 400,000 kila mmoja ni 1,600,000. Zinabaki 480,000, kabla ya kadi, rangi, taa na matengenezo. Na utaratibu ukifaulu, wale 40 watakuwa 15 baada ya miezi michache, na mapato yatakuwa 780,000 wakati mishahara haijashuka. Atakayekuja na andiko linalosema maegesho yatanunua mashine ya picha aombwe aonyeshe mstari wa gharama. Mara nyingi haupo, au mpango wa siri ni kuwatoza wagonjwa.

Kisha njia ya shilingi. Pesa za umma kwa kawaida huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, isipokuwa sheria imeruhusu vyengine. Ahadi ya "zitabaki hospitali" haina maana mpaka ioneshwe kwa maandishi ni kifungu gani kinaruhusu zibaki, na ni akaunti gani. Kila malipo yawe na risiti ya kielektroniki, na jumla ya mwezi ibandikwe ubaoni pale pale getini.

Akipewa mkandarasi, alipwe kiasi maalumu kwa mwezi. Asilipwe asilimia ya makusanyo, na faini isiwe yake, maana mtu anayekula kwa faini atazitafuta. Mkataba usizidi miaka miwili, uwe na kifungu cha kuuvunja kwa notisi ya siku 90 bila fidia ya mapato yajayo, na daftari la namba za gari libaki mali ya hospitali. Fidia ya mapato yajayo ni kifungu cha kusoma mara tatu kabla ya kusaini.

Pemba

Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, inapokea watu wanaovuka kwa mashua kutoka Makoongwe na Kisiwa Panza, wengine wakitelemka daladala kutoka Chake. Kuzungumzia ada ya gari hapo ni kupoteza wino. Kinachohitajika ni kivuli na mstari wa boda nje ya lango, ili zisikae mdomoni mwa mlango wa dharura zikigombea abiria, namba za simu za madereva wawili wa zamu ya usiku zibandikwe mapokezi, na sehemu ya kushushia iwe na paa, maana mvua ya masika haimsubiri mgonjwa ashushwe. Chake na Wete zinaweza kubanwa siku ya gulio au ya kliniki kubwa, na hapo mistari ya rangi na kuhamisha gari za wafanyakazi kutatosha kwa miaka mingi. Ada haina kazi Pemba kwa sasa.

Pa kuanzia

Hesabu kwanza. Chukua siku moja ya kazi, Jumatatu ni nzuri kwa kuwa huwa nzito. Mtu mmoja mwenye daftari azunguke uwanja kila nusu saa, kuanzia saa 12:30 asubuhi mpaka saa 12 jioni, aandike namba ya kila gari na mahali iliposimama. Uwanja wa gari 60 unazungukwa kwa dakika kumi. Gari iliyoonekana mizunguko minne mfululizo imekaa kiasi cha saa mbili, iliyoonekana kumi na sita imekaa nane. Mtu wa pili asimame langoni aulize neno moja tu: mgonjwa, muuguzaji, mfanyakazi, au shughuli za mjini? Jioni mnazo karatasi zinazojibu swali la kwanza, lile la nani anakaa, na mara nyingi majibu yanawashangaza wakubwa wa hospitali wenyewe.

Wiki ya pili chora mistari, tenga pikipiki, panua nafasi za walemavu karibu na mlango. Wiki ya nne hamisha gari za wafanyakazi wa mchana. Mwezi wa pili anzisha kadi, bila malipo kwa yeyote, ili watu waizoee na kasoro zitoke. Mwezi wa tatu rudia hesabu ile ile, siku ile ile ya wiki, saa zile zile. Ikiwa saa 4 asubuhi katika kila nafasi kumi moja au mbili ziko wazi, kazi imekwisha na ada haihitajiki hata kwa wageni wa mjini. Ikiwa bado pamejaa na daftari linaonesha gari za wasio na muhuri, hapo ndipo watozwe wao.

Hesabu mbili hizo zisifanywe moja ndani ya Ramadhani na nyengine nje yake. Mwezi huo saa za kazi hubadilika, kliniki hupungua mchana, na kabla ya magharibi futari za wagonjwa wote hufika langoni kwa pamoja. Ramadhani ihesabiwe peke yake, na mlinzi wa ziada awekwe kuanzia saa 11 jioni.